Uzi: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Sisi wa Tanga tunaishi nayo vipi?

Mleta uzi (Ngamiani)

Wakuu, habari za muda huu.

Naleta hili jambo kwa sababu limenikaa moyoni muda mrefu na sioni likizungumzwa hapa kwetu. Tanga ni mji wa maziwa, hilo hakuna anayebisha. Tangu mradi wa wafugaji wadogo ulipoanza miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa nchi yetu na Uholanzi, watu wa Pongwe, Maweni, Muheza, mpaka huku mitaani katikati, wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa ng'ombe wawili watatu wa kufugia ndani. Asubuhi unaona baiskeli na pikipiki zenye madumu zinakimbilia vituo vya kukusanyia maziwa. Sasa swali langu ni moja: anayetoa hayo maziwa analala wapi?

Nikianza na banda, mtu ataniuliza "mali yake, inakuhusu nini?" Kwa hiyo naanza na sheria. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, Sura ya 154. Imetungwa na Bunge letu wenyewe, na haihusu wanyama wa porini, wale wana sheria yao. Hii inamhusu ng'ombe wako, mbuzi wako, punda, kuku, mbwa na paka. Msingi wake ni kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia: anasikia maumivu, anasikia njaa, anaogopa. Kwa hiyo ukimmiliki unakuwa na wajibu kwake, sawa na unavyokuwa na haki juu yake.

Wajibu huo umejengwa juu ya zile zinazoitwa haki tano za mnyama. Asikae na njaa wala kiu. Asiteseke kwa malazi mabaya. Asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa bila matibabu. Aweze kuishi kwa tabia zake za asili, yaani asimame, ajigeuze, alale, akae na wenzake. Na asiishi kwa hofu. Fikra hii ilianzia Uingereza, kamati ya Profesa Brambell ilipotoa ripoti yake mwaka 1965 kuhusu mifugo ya kufungiwa ndani, na leo imeingia kwenye sheria za nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Sheria inakataza kumpiga na kumtesa mnyama, kumbebesha mzigo unaomzidi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda, kumnyima chakula na maji, kumsafirisha kwa namna ya kumuumiza, kuwapiganisha wanyama kwa ajili ya burudani. Sasa hebu soma tena hiyo orodha, halafu toka nje utembee kutoka sokoni Ngamiani mpaka stendi ya Kange. Utakutana na mangapi?

Niwape moja ninaloliona karibu kila wiki, sitataja mtaa maana lengo langu si kumwaibisha mtu. Banda la mabanzi, bati juu, limebanwa kati ya ukuta wa nyumba na choo. Ndani ng'ombe wawili chotara wa Friesian, ile aina ya maziwa iliyotoka Ulaya. Sakafu ni udongo, na udongo huo masika hii umegeuka tope la samadi na mkojo linalofika juu ya kwato. Ng'ombe halali. Anasimama, akichoka anabadilisha mguu, akichoka zaidi anapiga magoti anaahirisha, kisha anasimama tena, kwa sababu hakuna pakavu pa kuweka mbavu. Ukitazama kwato zimekua ndefu zimepinda mbele, hazijakatwa. Chuchu zimelowa samadi, halafu mwenye ng'ombe analalamika ugonjwa wa kiwele haumtoki na maziwa yanakataliwa kituoni. Bwana mifugo anakuja anadunga sindano, anaondoka. Tope linabaki.

Yule ndugu hana roho mbaya. Anampenda ng'ombe wake, anamwita kwa jina. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tope lile ni kosa kwa mujibu wa sheria, wala kwamba ndilo linalomla fedha.

Jingine ni usafirishaji. Mbuzi amefungwa miguu minne pamoja, amelazwa kwenye keria ya pikipiki, kichwa kinaning'inia upande wa ekzosi. Kuku kumi na tano wamefungwa miguu kwa kamba moja ya katani wamening'inizwa kichwa chini kwenye usukani kuanzia Muheza mpaka mjini. Tumezoea mpaka hatuoni.

Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuuliza nani anahusika. Nikaambiwa hizo ni habari za Wazungu. Nikatoka na swali langu, nimelileta hapa. Wenye ujuzi wa sheria, wafugaji, mabwana mifugo, tuelezane: mtu akiona mnyama anateseka Tanga, aende kwa nani? Na banda la haki kwa mtu wa kipato cha kawaida linajengwaje?

---

Kijana wa Mabawa

Mkuu nakuheshimu, lakini watu wenyewe hawana pa kulala. Kuna familia ya watu saba ndani ya vyumba viwili, masika maji yanaingia ndani, wewe unataka ng'ombe awekewe zege? Tuanze na binadamu kwanza.

---

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mabawa, nimekuelewa na hoja yako siipuuzi. Lakini angalia, yule ng'ombe hakujileta mwenyewe kwenye ile familia. Amenunuliwa, amefungwa, hawezi kwenda kutafuta kivuli wala maji. Binadamu akibanwa na mvua anahamia kwa jirani. Mnyama uliyemfunga kamba umechukua hata ule uwezo wake mdogo wa kujisaidia, ndiyo maana wajibu unakuwa wako.

Halafu sehemu kubwa ya mambo haya haidai fedha. Kuhamisha kamba ya mbuzi akae upande wa kivuli saa sita mchana unalipia nini? Kumwachia mbwa sufuria ya maji? Kutoa samadi kila asubuhi kabla haijawa tope? Hiyo ni kazi ya mikono na koleo.

---

Mfugaji wa Pongwe

Nimeng'ang'ania kusoma tu lakini hapa naomba nichangie, maana hiki ndicho kinachonilisha.

Kwanza sakafu. Ng'ombe wa maziwa anatakiwa alale muda mrefu, karibu nusu ya siku. Akilala ndipo anacheua vizuri na damu inapita vizuri kwenye kiwele. Ukimnyima pa kulala umejinyima maziwa mwenyewe. Sehemu ya kulala ng'ombe mmoja mkubwa ni futi saba kwa nne. Si eneo kubwa hilo. Iwe imeinuka kuliko njia ya kutembelea, ili mkojo na samadi vishuke nyuma. Kama huna saruji, shindilia kifusi cha mawe ya matumbawe na udongo mwekundu, uipe mteremko kidogo kuelekea nyuma, kisha juu tandaza maranda ya mbao au majani makavu na ubadilishe yakilowa. Zege ni zuri zaidi, ila lisisuguliwe likawa laini, ng'ombe atateleza avunjike nyonga. Fundi akimaliza mwambie apige mistari kwa ufagio kabla halijakauka.

Pili paa. Hapa watu wa mjini wanajidanganya. Wanaona bati ndiyo maendeleo. Bati la chini la futi sita kwa joto la Tanga mwezi wa pili ni tanuri. Hawa ng'ombe wenye damu ya Friesian asili yao ni nchi ya baridi, joto likipita nyuzi 25 wanaanza kuhangaika, na sisi hapa 30 ni ya kawaida, tena na unyevu wa bahari. Utamwona anahema mdomo wazi, mate yanamtoka, hali majani mchana. Makuti ni bora mara nyingi kuliko bati. Yanapitisha hewa, hayapigi joto chini, na yanapatikana. Kama una bati tayari, liinue juu, na juu yake utandaze makuti.

Tatu uelekeo. Jenga banda refu liende mashariki na magharibi, jua lisiingie ubavuni asubuhi na jioni. Kuta usizibe mpaka juu. Wazee wetu walijua pepo, kusi na kaskazi, nyumba zao ziliziachia njia. Banda la ng'ombe vivyo hivyo, liache lipumue.

Nne maji, na hili narudia kwa kila kijana anayeanza. Maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji. Ng'ombe anayetoa lita kumi kwa siku, kwa joto hili, atakunywa ndoo tatu mpaka nne za lita ishirini. Watu wanampa ndoo asubuhi na ndoo jioni, halafu wanasema mbegu mbaya. Maji yawe mbele yake muda wote, chombo kioshwe. Ndiyo, maji ya bomba yana bili. Tega mvua, nunua simtanki hata la pamoja na jirani.

Kijana wa Mabawa, mimi nilianza na mirunda, makuti na kifusi. Nguzo hizo nilikata mwenyewe. Usiogope.

---

Bwana mifugo mstaafu

Mfugaji wa Pongwe umenifurahisha, inaonekana ulihudhuria mafunzo. Niongeze la kupe na kwato tu: banda chafu halileti ugonjwa wa kiwele peke yake. Kwato zinazokaa kwenye unyevu zinaoza, ng'ombe anachechemea, na ng'ombe anayechechemea hafiki horini kula. Kwato zikatwe angalau mara mbili kwa mwaka. Na banda bora haliondoi haja ya kuogesha kwa dawa ya kupe, maana ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, bado inaua ndama wengi ukanda wetu huu.

Nataka niseme na jambo jingine. Tanga hatuna udhuru wa kusema utaalamu haupo. Chuo cha mifugo Buhuri kipo hapa hapa. Kituo cha utafiti wa mifugo kipo. Kituo cha utafiti wa mbung'o, wale inzi wanaowaambukiza mifugo ugonjwa, kipo, na vijana wengi hawajui kwamba madume wa mbung'o waliofanywa tasa kwa mionzi na kwenda kumwagwa Unguja kwa ndege walizalishwa hapa Tanga, mpaka Unguja ikatangazwa haina mbung'o mwaka 1997. Nchi yetu imefanya makubwa kwa ajili ya afya ya mifugo. Kumwekea ng'ombe sakafu kavu hakutushindi.

---

Msomi wa sheria (Chumbageni)

Mleta uzi ameuliza aende kwa nani. Nijibu kwa utaratibu wa vitendo.

Mwanzo ni serikali ya mtaa, mwenyekiti au mtendaji. Nasema mwanzo kwa sababu kesi nyingi ni za jirani na jirani, na mwenyekiti akienda na kumwonyesha mtu kosa lake, mara nyingi anarekebisha. Sambamba na hapo mtafute ofisa mifugo wa kata. Huyu ndiye mwenye macho ya kitaalamu, atasema kama mnyama ni mgonjwa, amepigwa au ana njaa. Ikishindikana unapanda idara inayoshughulika na mifugo halmashauri ya jiji. Chini ya Sheria ya 2008 kuna wakaguzi wa ustawi wa wanyama, wenye mamlaka ya kuingia na kukagua mahali mnyama anapofugwa. Na kama ni ukatili wa wazi, mtu anamkata mnyama panga au anampiga mpaka anaanguka, hiyo ni jinai kama jinai nyingine, nenda kituo cha polisi. Adhabu chini ya sheria ni faini, kifungo au vyote viwili.

Kuna na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Yule anayemkata panga ng'ombe wa mwenzake kwa sababu ameingia shambani kwake anafanya kosa pia chini ya sheria hiyo, hata kama mahindi yake yameliwa kweli. Haki yake ya fidia ipo, lakini haipatikani kwa panga. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu migogoro ya wakulima na wafugaji huko Kilindi na Handeni imeumiza sana wanyama ambao hawakujichagulia njia ya kupita.

Tahadhari: usiingie banda la mtu usiku kwenda kupiga picha. Utageuka wewe mshtakiwa. Piga picha ukiwa barabarani au kwako, andika tarehe na saa, tafuta jirani mwingine aliyeona.

Sasa kuhusu sheria ndogo. Halmashauri ya jiji inazitunga kupitia baraza la madiwani kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, kisha zinaridhiwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukisoma sheria ndogo za mifugo za miji mingi hapa nchini utaona zinaongea sana kuhusu kero: mifugo kuzurura, kinyesi, harufu, vibali, faini za kukomboa mnyama aliyekamatwa. Yote ni ya lazima kwa afya ya watu. Lakini mnyama akishakamatwa akafungiwa akisubiri mwenye mali alipe, nani anampa maji? Hapo ndipo pa kuanzia kudai. Diwani wako ndiye mlango.

---

Bodaboda wa Kange

Nimeguswa na ile ya mbuzi kwenye keria. Nisikilizeni na mimi. Abiria anakuja na mbuzi wake kutoka mnadani anataka nimfikishe Sahare. Nikikataa anapanda na mwingine. Mimi sina raha ya kumbeba mbuzi analia njia nzima. Mniambie nifanye nini.

---

Mleta uzi

Mkuu wa Kange, asante kwa kusema ukweli, na sikulaumu wewe peke yako. Anayemiliki mbuzi ndiye wa kwanza kuwajibika, ila anayesafirisha naye yumo.

Kwa mbuzi mmoja, mwambie mwenye mbuzi asimfunge miguu minne pamoja. Ile kamba ikikaza damu haipiti, akifunguliwa hawezi kusimama. Na kumlaza ubavu safari ndefu kunamletea gesi tumboni, maana mbuzi ni mnyama anayecheua, gesi inatoka akiwa amekaa wima. Wapo waliokufa njiani kwa hilo na mwenye mali akadhani amepewa mbuzi mgonjwa. Gharama ya guta ikigawanywa kwa watu watatu waliotoka mnada mmoja, kila mmoja analipa karibu sawa na pikipiki moja. Mbuzi wanasimama wenyewe nyuma. Kwa ng'ombe na mbuzi wengi ni kirikuu au fuso lenye mchanga au nyasi sakafuni, wasiteleze.

---

Mama wa kuku (Makorora)

Na kuku nao? Kila mtu anaongea ng'ombe.

Nafuga kuku wa nyama. Kitabu kinasema kuku kumi kwa mita moja ya mraba. Kwa joto la Makorora mimi naweka wanane, na kiangazi kikali hata pungufu. Ukiwajaza utaona wanatanua mbawa na kuhema, halafu mchana mmoja usio na upepo unakuta wamelala chini wengi. Siku hizo nawapa maji ya baridi mara kwa mara na siwapi chakula saa sita mpaka saa tisa, maana kuku akimeng'enya chakula mwili unapata joto zaidi.

Kipimo changu cha banda ni pua na macho yangu. Ingia, piga magoti, kaa usawa wa kuku. Ukisikia macho yanawasha ujue wao wanaishi humo usiku na mchana. Toa maranda yaliyolowa, fungua pazia.

Sokoni ndipo panaponiuma. Kuku wa kienyeji anafungwa miguu asubuhi, anawekwa juani chini pale mpaka jioni hajaonja tone. Mbona matenga yapo? Tenga la makuti au la fito linabeba kuku wengi, wanakaa wima, hewa inapita. Bibi zetu walileta kuku mjini kwa matenga. Ni hii haraka ya pikipiki ndiyo imetuletea kuning'iniza.

---

Mkazi wa Raskazone

Samahani, mimi naona tatizo kubwa ni mbwa. Wanazurura usiku makundi kwa makundi, watoto wanaogopa kwenda madrasa alfajiri. Hao wawekewe sumu tu, wapungue. Kichaa cha mbwa si mchezo.

---

Bwana mifugo mstaafu

Dada wa Raskazone, hofu yako ni ya haki. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna dawa, anakufa. Mtu aking'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, papo hapo, halafu aende hospitali kuchomwa chanjo. Asikae nyumbani kusubiri aone mbwa atafanyaje.

Lakini sumu haimalizi kichaa. Mbwa wakiuawa mtaani, wengine kutoka mitaa ya jirani wanaingia kuchukua nafasi, tena wasiochanjwa, na waliobaki wanazaa. Sumu pia haichagui, inaua mbwa aliyechanjwa, inaua paka, na ni kifo cha mateso makubwa, nimekiona na sitaki kukieleza hapa. Kinachomaliza ni chanjo. Ukichanja mbwa asilimia 70 ya walioko eneo hilo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mfano uko ng'ambo yetu tu, Pemba. Walichanja sawasawa, kichaa kikaisha. Kampeni zilipolegea, kikarudi mwaka 2016. Wakachanja upya, kikaondoka tena. Hawakuhitaji kuua mbwa wote wa kisiwa.

Mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Wanaachiwa kwa sababu hawalishwi. Mwenye mbwa akimlisha, akamjengea kibanda chenye kivuli, akampeleka chanjo kila mwaka, nusu ya kundi lile unaloliona alfajiri halitakuwepo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Muulize ofisa mifugo wa kata kama kuna chanjo siku hizo.

---

Mleta uzi

Naongezea hapo kwa bwana mifugo: kuna na mbwa wa kinyume chake, wale wa ulinzi, ambao hawazururi kabisa. Mnyororo wa hatua mbili, juani, mwaka mzima, shingo imechubuka mpaka nyama inaonekana. Mwenye nyumba anadhani mbwa akiteseka ndiyo anakuwa mkali. Mbwa wa namna hiyo anamng'ata mtoto wa nyumba siku mnyororo ukikatika. Kama lazima afungwe, mpe waya mrefu wa kutelezea kutoka mti mpaka mti, kola pana ya ngozi, kivuli na maji, na usiku afunguliwe ndani ya uzio.

---

Ustadh wa Msambweni

Nimesoma mtu akisema haya ni ya Wazungu. Hapana. Sisi tumefundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, na habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tumeamrishwa tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Idi hii inayokuja tusinoe visu mbele ya mbuzi, tusimchinje mmoja mwenzake anatazama, tusianze kuchuna kabla roho haijatoka. Hutubani nitalizungumza, inshallah.

---

Mtu wa Handeni

Wakuu msisahau punda. Huku kwetu punda ndiye bomba la maji na ndiye lori. Anabeba madumu kutoka kisimani, na jioni anaachiwa tu nje. Watu wanadhani punda havunjwi na kitu. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya wanyama wengine, maji yanafika kwenye ngozi. Masika yakianza anatetemeka usiku kucha, na asubuhi anapigwa ajikaze.

Vidonda vya mgongoni vinatokana na kamba za madumu kusugua mfupa. Gunia lililojazwa majani laini, likashonwa pande mbili na kuachwa wazi katikati juu ya uti wa mgongo, linatosha. Mke wangu ndiye anayeshona. Punda mwenye kidonda apumzishwe mpaka kipone, hiyo sheria mliyoitaja imesema wazi.

Tena punda wenyewe wanapungua kwa biashara ya ngozi. Umoja wa Afrika Februari 2024 ulikubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kwa miaka 15. Ambaye bado anaye, amtunze.

---

Kijana wa Mabawa

Nimerudi. Nimesoma yote. Mzee wa Pongwe, nina mbuzi watatu wa baba, wanalala chini ya ngazi. Banda la mbuzi nalo linakuwaje? Na makuti yanadumu?

---

Mfugaji wa Pongwe

Kijana, mbuzi mrahisishie: banda la kuinua. Nguzo sita, sakafu ya fito au mbao futi tatu hivi kutoka ardhini, uache nafasi za upana wa kidole kati ya fito na fito, kinyesi kinadondoka chini, kwato haziingii. Mbuzi hapendi unyevu kabisa, akilala pabichi anakohoa. Mita moja na nusu ya mraba kwa kila mbuzi mkubwa inatosha. Makuti mazuri yaliyosukwa vizuri na paa lenye mwinuko mkali yanakwenda misimu kadhaa, paa la bapa linaoza haraka kwa sababu maji yanakaa. Njoo Pongwe Jumapili nikuonyeshe. Fito ninazo zimebaki, utachukua.

---

Mleta uzi

Mungu akubariki mzee.

Wakuu, nimeandaa barua kwa diwani wetu kuomba mambo mawili tu: sehemu wanakofungiwa mifugo iliyokamatwa iwe na kivuli na maji, na sokoni pawe na kibanda cha kivuli cha kuweka kuku na mbuzi wanaosubiri kuuzwa. Wa Ngamiani mliopo humu tuonane tuweke saini. Msomi wa sheria, kuna la kuongeza kabla sijaipeleka?

---

Msomi wa sheria (Chumbageni)

Taja sheria kwa jina na namba, Na. 19 ya 2008, kwenye mstari wa mada. Nakala apelekewe mtendaji wa kata na ofisa mifugo wa kata. Peleka kwa mkono, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, hiyo ibaki kwako. Na uombe liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, ili lisiishie mezani kwa mtu mmoja.